Plagi Hugoma Siku Inapofungwa

Mhadhara kwa mafundi wa magari, pikipiki na boti



Niliombwa nizungumzie plagi zilizogoma kutoka kwenye injini. Pengine mnatarajia nianze na dawa za kulainisha, spana ndefu na nyundo. Sitaanza huko. Msimamo wangu ni huu, nami nitautetea mpaka mnichoke: plagi inayokatikia ndani ya hedi leo, mara nyingi iliharibiwa siku ilipofungwa. Aliyeifunga alishalipwa, akaenda zake, na pengine gari lenyewe halikumbuki. Lawama zinamwangukia huyu wa leo, aliyekutwa ameshika spana wakati chuma kinalia. Kwa hiyo nitakaa kwenye kufunga muda mrefu kuliko kwenye kufungua. Wenye haraka ya kujua namna ya kuitoa iliyogoma wavumilie, tutafika.

Plagi ina kazi mbili, nasi tunaiheshimu kwa moja tu. Ile ya cheche kila mtu anaijua: koili inachukua volti 12 za betri, inazipandisha hadi 20,000 na zaidi, umeme unaruka mwanya wa karibu milimita moja, petroli inawaka. Kazi ya pili ni kutoa joto. Ncha ya kauri inatakiwa ikae kati ya nyuzi 500 na 850 hivi za Selsiasi. Ikiwa baridi kuliko hapo, masizi hayaungui. Yanajenga ukoko na cheche inapotea njiani. Ikizidi hapo, ncha inawasha mchanganyiko kabla cheche haijapigwa. Sasa, joto hilo lina njia gani ya kutoka? Linapita kwenye thredi na kwenye kitako cha plagi, linaingia kwenye hedi, kisha linachukuliwa na maji ya rejeta au na mapezi ya injini ya pikipiki. Plagi ambayo kitako chake hakijakaa sawasawa inavujisha mgandamizo, ndiyo, lakini baya zaidi ni kwamba imekosa pa kupelekea joto lake. Pistoni iliyotoboka katikati huletwa gerejini pamoja na maelezo kwamba petroli ya kituo fulani ni mbaya. Inawezekana. Ila kabla hamjaenda kugombana na watu wa kituo, ulizeni kwanza plagi ya silinda hiyo ilikuwa imekaaje.

Magari mengi ya zamani yalikuwa na hedi ya chuma cha kumimina. Chuma kwa chuma ni ndoa ya watu wavumilivu. Ukikaza kupita kiasi, unasamehewa. Leo karibu kila hedi ya petroli tunayofungua ni ya aluminiamu, na plagi imebaki kuwa ya chuma. Aluminiamu ni laini, na ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini inawashwa, inapata joto, inazimwa, inapoa, na kila mara metali hizi mbili zinasogea kwa vipimo tofauti mahali palepale. Ongeza unyevu wenye chumvi. Metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi huanzisha umeme mdogo, na anayeliwa ni aluminiamu. Unga mweupe unaozaliwa hapo una ujazo mkubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo unajibana ndani ya thredi na kuishika plagi pande zote. Ndiyo maana fundi wa injini za boti Tanga, Pemba au Lamu anazijua plagi zilizogoma kuliko fundi wa Dodoma, hata kama wa Dodoma amefungua injini nyingi zaidi.

Sasa niingie kwenye jambo linaloharibu thredi nyingi kuliko chumvi na nguvu za mikono zikijumlishwa: urefu wa plagi usio wake.

Chukueni plagi mbili za NGK, B7HS na B7ES. Zote thredi yake ina kipenyo cha milimita 14. Zote zinashikwa na spana moja, ile kubwa ya karibu milimita 21. Ukizitazama haraka kwenye meza ya duka ni ndugu. Tofauti ni herufi moja. H inasema thredi ina urefu wa milimita 12.7; E inasema milimita 19. Muuzaji aliyeishiwa moja atakupa nyingine na kukuambia, “Zinaingiliana hizo, bosi.” Na kweli zitaingia, na injini itawaka. Hapo ndipo balaa lilipo, maana kosa ambalo injini inalikubali siku hiyohiyo halimfundishi mtu kitu.

Fikirini plagi fupi imefungwa kwenye tundu refu. Chini yake imebaki milimita sita hivi ya thredi za hedi zikiwa uchi, zinatazama moto moja kwa moja. Masizi yanazijaza taratibu, yanakomaa, yanakuwa magumu. Baada ya mwaka anakuja fundi mwadilifu na plagi sahihi. Inaingia vizuri, inaingia, halafu inakuwa nzito. Yeye anajua ni plagi sahihi, kwa hiyo anaongeza nguvu. Ama anazivua thredi hapohapo, ama anafanikiwa kuikaza juu ya masizi na kuiacha imeshikwa kooni. Yule wa tatu, atakayekuja kuifungua, ndiye atakayeonekana hajui kazi.

Kinyume chake ni kibaya vilevile. Plagi ndefu kwenye tundu fupi inaning’iniza thredi zake ndani ya chumba cha moto. Kama bahati haipo, pistoni inaigonga mzunguko wa kwanza na mnaisikia. Kama bahati ipo, haigongwi, ila masizi yanajijenga kwenye zile thredi zinazoning’inia. Siku ya kufungua, plagi inapanda huku ikiburuta ukoko mgumu kupitia thredi laini za aluminiamu, nazo zinatoka pamoja nayo kama unyoya. Fundi anaishika ile plagi iliyovaa nyuzi za aluminiamu na kusema imegoma. Haijagoma; imefungwa mahali pasipo pake.

Kwa hiyo someni herufi. Kwa NGK, namba ya katikati ni ya joto: inavyopanda, plagi inatoa joto haraka zaidi. Kwa watengenezaji wengine namba zinakwenda kinyume, na hilo limewachanganya wengi wazuri kuliko mimi. Kama maandishi yamefutika, weka plagi kuukuu na mpya bega kwa bega, kitako kwa kitako, upime kwa macho. Inachukua sekunde chache.

Kwenye pikipiki ugonjwa ni mwingine. Injini za jamii ya Honda CG125, ambazo Wachina wamezinakili kwa miaka mingi na ndizo zinazobeba nusu ya mizigo ya vijiji vyetu, hutumia plagi za aina ya D8EA, thredi ya milimita 12. Nyingine ndogo hutumia C7HSA, thredi ya milimita 10, nyembamba kama kidole cha mtoto. Dereva wa bodaboda haachi plagi yake ikae mpaka igome. Pikipiki ikisita kidogo anaitoa, anaipiga msasa, anaipuliza, anairudisha, anaikaza kwa nguvu zote za bega lake kwa sababu hataki ilegee njiani na abiria mgongoni. Kesho anarudia. Kwa hiyo pikipiki nyingi haziji kwetu na plagi iliyoganda. Zinakuja na tundu lililochoka, thredi zimekuwa laini kama kinywa cha chupa, na plagi inazunguka tu. Dawa ya hapo ni kumwambia dereva ukweli kwamba tatizo lake liko kwenye karbureta au kwenye pete za pistoni, na kwamba kuitoa plagi mara mbili kwa wiki ni kuiadhibu isiyo na kosa.

Niseme neno juu ya washa. Plagi nyingi zina washa ya kitako, kile kipete kilichokunjwa ambacho kinabonyea unapokaza. Kinabonyea mara moja tu. Plagi nyingine kitako chake kimechongwa mshazari na haina washa kabisa, wala haiitaki. Kuna fundi anayeitupa washa kwa sababu imelegea. Plagi yake inaingia ndani zaidi kuliko ilivyopangwa. Kuna anayeongeza ya pili ili “ibane vizuri”. Yake inabaki juu na thredi za chini zinaachwa uchi kama nilivyoeleza. Na kuna huyu ambaye simlaumu sana: ametoa plagi kuukuu, washa yake imebaki imenata chini kabisa ya kisima, yaani shimo plagi inamokaa, yeye hajaiona, ameweka plagi mpya yenye washa yake. Sasa ziko mbili na hajui. Kwenye injini hizi za kisasa ambazo plagi iko ndani ya kisima kirefu, tochi ni spana. Mulikeni mpaka mwone kitako cha aluminiamu kinang’aa.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya vidole. Chukua kipande cha mpira wa petroli, urefu wa shibiri moja hivi, kichomeke kwenye kichwa cha plagi, ishushe ndani ya kisima, kisha uzungushe mpira kwa vidole. Anza kwa kurudisha nyuma, kinyume na kufunga, mpaka uisikie plagi inadondoka kidogo kwenye mwanzo wa thredi. Hapo ndipo uzungushe kwenda mbele. Uzuri wa mpira ni kwamba hauna nguvu. Plagi ikiingia kombo, mpira unateleza na kukataa, wakati soketi na racheti visingekataa kitu. Plagi safi kwenye tundu safi inatakiwa iende kwa vidole mpaka kitako kiguse. Isipofika, itoe utafute sababu. Spana haitatafuta sababu kwa niaba yako.

Ikishagusa, ndipo spana. Plagi mpya yenye washa, ya thredi ya milimita 14, inataka nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Ukirudisha plagi iliyokwisha kutumika, washa yake imeshabonyea, kwa hiyo inataka kidogo sana, sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Ndiyo, hatua moja ya saa ya ukutani. Yenye kitako cha mshazari inataka sehemu moja ya kumi na sita. Wenye spana ya kupimia nguvu wakumbuke nyutoni mita 25 hadi 30 kwa plagi yenye washa ya thredi ya 14 kwenye hedi ya aluminiamu, 15 hadi 20 kwa thredi ya 12, na 10 hadi 12 kwa ile ya milimita 10. Kitabu cha injini yenyewe kikitoa namba nyingine, fuateni kitabu. Nyutoni mita 12 ni kitu kidogo mno. Mkono wa kijana aliyekunywa chai unaipita bila kujua. Ndiyo maana nasema spana ya kupimia nguvu si anasa ya gereji za mabalozi.

Hapa hugawanyika mafundi: kupaka grisi kwenye thredi au kutopaka? Hoja ya wanaopaka ina akili, kwamba itatoka kwa urahisi baadaye. Lakini NGK wanakataza kwa plagi zao, kwa kuwa thredi zimeshapakwa madini ya kuzuia kutu, na grisi hubadilisha hesabu ya kukaza. Unapokaza kitu chenye thredi, sehemu kubwa ya nguvu yako inaliwa na msuguano, kidogo tu ndiyo inayovuta. Ukipunguza msuguano kwa grisi huku ukikaza kwa namba ileile, unavuta chuma kupita kilivyoundwa. Gamba la plagi linarefuka, mwanya unatokea kati ya gamba na kauri, na hata kukatika shingoni kunaweza kuanzia hapo. Mimi kwa gari la nchi kavu na plagi halisi sipaki chochote. Kwa injini ya boti inayolala kwenye chumvi natofautiana kidogo na kitabu: nagusa thredi za katikati kwa ncha ya kidole, grisi kidogo kuliko inavyoonekana inafaa, sigusi zile za mwisho karibu na moto, na nguvu ya kukaza naipunguza. Atakayenibishia hapo namruhusu.

Kuna jambo dogo linalozua ugomvi wa bure. Mkitoa plagi mtaona mara nyingine pete ya rangi ya kahawia kwenye kauri nyeupe, pale inapokutana na chuma. Fundi anamwonyesha mwenye gari: “Unaona? Ilikuwa inavuja.” Hapana. Umeme mkubwa unaopita hapo huvuta chembe za oili na vumbi zilizoko hewani na kuzibandika kwenye kauri. Plagi inayovuja kwenye kitako utaijua kwa mlio wa chi-chi-chi injini ikiwa baridi, na kwa weusi wa moshi kwenye washa na kwenye thredi.

Basi tufike kwenye kufungua.

Kwanza injini ipoe. Aluminiamu ya moto ni laini zaidi, na plagi iliyoshikwa huondoka na thredi zake. Pili, safisha kisima kabla hujagusa plagi. Hewa ya kompresa, hata ya fundi wa matairi jirani, ipulizwe ndani mpaka mchanga wote utoke, kwa sababu chochote kilichomo kitaanguka ndani ya silinda plagi ikitoka. Kwenye Toyota zenye injini ya 1NZ-FE, zile Vitz, Ist na Probox zilizojaa barabarani, mara nyingi kisima kina oili iliyopenya kwenye sili za kifuniko cha vali. Inyonye au ifute kwa kitambaa kilichofungwa kwenye waya, kisha mwambie mwenye gari kwamba sili zinataka kubadilishwa, vinginevyo oili itaila mpira wa koili na utaonana naye tena.

Soketi ikae wima. Plagi nyingi zinavunjika kauri kwa sababu soketi ililala upande, kazi ambayo Subaru zenye silinda zilizolala zinaifanya iwe rahisi mno, kwa vile plagi zake zinatazama ubavu wa bodi na mkono haupati nafasi.

Legeza kidogo tu, sehemu moja ya nane ya mzunguko. Ikikubali, simama. Huu ndio wakati ambao fundi mzuri anajulikana, kwa sababu kila kitu mwilini kinamwambia aendelee. Weka dawa ya kulainisha kutu au kisafishio cha karbureta kuzunguka thredi, subiri robo saa au zaidi. Kisha irudishe ndani kidogo, itoe kidogo zaidi, irudishe, itoe. Masizi yanasagika na dawa inashuka. Ikilia kama mlango mkavu, ongeza dawa usubiri tena. Plagi moja ikikuchukua saa nzima, saa hiyo ni rahisi kuliko hedi.

Ikikataa kabisa hata kulegea, ndipo joto linapata nafasi yake. Washa injini kwa muda mfupi, ipate uvuguvugu tu, izime, jaribu. Kwa kuwa aluminiamu hutanuka kuliko chuma, tundu linafunguka kidogo kuizunguka plagi. Nimesema uvuguvugu. Na ile bunduki ya hewa ya kufungulia nati za matairi ibaki kwenye matairi.

Wakati mwingine aliyefunga hana kosa wala anayefungua hana kosa. Kosa lilichorwa kwenye karatasi. Mfano unaojulikana sana ni wa Ford ya Marekani. Injini yao ya V8 ya lita 5.4 yenye vali tatu kwa kila silinda, iliyoingia kwenye pikapu ya F-150 ya mwaka 2004, ilitumia plagi yenye bomba refu jembamba chini ya thredi. Bomba hilo halikuwa kipande kimoja na plagi. Lilitengenezwa peke yake likabanwa kwenye gamba. Masizi yalijaa kati ya bomba na tundu, na plagi ziliachwa humo kwa maelfu ya kilomita kama kitabu kilivyoruhusu. Siku ya kubadilisha, sehemu ya juu ilizunguka na kutoka mkononi mwa fundi, na lile bomba likabaki ndani. Ford wenyewe walilazimika kuwaandikia mafundi wao maelekezo, na mtaona yanafanana na niliyowapa: injini iwe baridi, legeza sehemu moja ya nane, mimina kisafishio cha karbureta, ngoja, kisha endelea kwa kurudisha na kutoa. Watengenezaji wa zana wakauza vifaa maalumu vya kung’olea mabomba yaliyobaki. Champion wakatoa plagi ya kipande kimoja badala yake. Baadaye Ford wakabadilisha hedi na plagi.

Kinachonifurahisha, kama neno hilo linafaa, ni kwamba injini za vali mbili za ukoo huohuo zilizotangulia zilikuwa na ugonjwa wa kinyume. Thredi zilizoshika plagi zilikuwa chache mno, na plagi nyingine zilitemwa nje injini ikiwa inaenda, zikiondoka na thredi za aluminiamu. Familia moja ya injini, plagi zisizotaka kutoka na plagi zisizotaka kukaa. Basi fundi wa gereji za Gerezani au za Kirinyaga Road anapoambiwa kwamba plagi iliyokatika ni uzembe wake, ana haki ya kujibu kwamba wahandisi wa Michigan nao yamewakuta.

Kauri ikivunjika, vipande visianguke ndani. Kauri ya plagi ni ngumu kuliko ukuta wa silinda, na kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha kuchora mfereji kila pistoni inapopanda. Vinyonye nje kwanza. Gamba likibaki, kuna kifaa cha kung’olea chenye thredi za mkono wa kushoto kinachojibana kadiri unavyofungua. Kitumieni baada ya kulowesha, kwa utaratibu uleule.

Thredi zikiwa zimekufa, msinidanganye kwamba hamjui zile tiba za mitaani: waya wa shaba uliozungushwa kwenye plagi, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, utepe mweupe wa mafundi bomba, gundi ya chuma ya kuchanganya mbili. Gundi hizo hazivumilii joto la hapo. Utepe hauvumilii, na tena unazuia joto kutoka. Yote yanampeleka mteja mpaka kona ya barabara na siku inayofuata plagi inaruka na kuvunja koili. Tiba ya kweli ni kukata tundu kubwa zaidi na kufunga thredi mpya ndani yake, ama ya waya maalumu uliosokotwa, ama bushi nzima ya chuma. Mimi nachagua bushi kwa plagi, kwa sababu waya unaweza kutoka na plagi siku nyingine. Mchonga vyuma mwenye mashine nzuri anaweza kuitengeneza, mradi kitako kiwe bapa na wima. Kama mnakata bila kushusha hedi, jazeni grisi kwenye mifereji ya tapu ili chenga zinate, toeni, futeni, rudieni, na mwisho pulizeni silinda kwa hewa. Aliye na wasiwasi ashushe hedi. Gasketi ni ghali, lakini injini ni ghali zaidi.

Nina shaka na kitu kimoja ambacho wenye magari mnakipenda: plagi ya kudumu. Plagi ya kawaida ilitakiwa kubadilishwa kila kilomita 20,000 hivi, na kwa hiyo fundi aliitikisa mara kwa mara. Sasa plagi za iridiamu na platinamu zinaahidi kilomita 100,000, na ahadi hiyo ni ya kweli kwa upande wa ncha. Ncha huchakaa polepole sana. Thredi hazikuulizwa. Gari linalotembea kidogo mjini linaweza kuchukua miaka kumi kufikisha kilomita hizo, na muda wote huo chuma kimekaa ndani ya aluminiamu, hasa huku pwani. Ushauri wangu ni zitolewe katikati ya umri wake, zikaguliwe, zirudishwe kwa ile sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Na ziwe za kweli. Plagi bandia za NGK na Denso zimejaa madukani. Thredi zake zina makovu ya kuchongwa vibaya, na washa yake mara nyingi inatoka kwa kuivuta tu, wakati ya kweli inashikilia. Plagi yenye thredi mbovu inakata njia yake mwenyewe ndani ya hedi yako.

Wenye gereji, nunueni spana moja ya kupimia nguvu kabla hamjanunua redio ya pili, na mfundisheni kijana kuanzisha plagi kwa mpira wa petroli kabla hamjamkabidhi racheti. Wenye magari, mkibadilishiwa plagi, daini zile kuukuu. Tazameni thredi zake kama zina nyuzi za aluminiamu, hesabuni washa zake, linganisheni urefu wake na mpya, kisha andikeni kwenye daftari la gari tarehe, kilomita na herufi zote za plagi iliyofungwa. Fundi atakayezifungua baada ya miaka mitano atazihitaji herufi hizo.